Pesa Ikishatoka, Iko kwa Nani?

Mwenyekiti, asante, na asanteni wote mmekuja na hii mvua, mama zangu wa chama hapo mbele, wazee wetu, na nyinyi vijana mmejazana huko nyuma karibu na mlango, na najua mbona mmekaa karibu na mlango. Nimeambiwa niongee kuhusu kununua vitu used kwa simu, yaani Facebook Marketplace, Jiji, PigiaMe, magrupu ya WhatsApp na Telegram, status za watu, zile zote. Mimi kazi yangu ni laptopu na simu za ex-UK, yaani zilitumika Uingereza kwanza, pale town, nanunua na nauza, kwa hivyo nimekaa pande zote mbili za hii biashara na sitawadanganya ati wanunuzi wote ni malaika. Tutafika hapo.

Watu wakinipigia kuuliza hii maneno swali huwa ni moja, "huyu muuzaji unaona ni mtu wa ukweli?" Mi naona hilo swali halisaidii sana, juu tapeli mzuri ndio hukaa mtu wa ukweli kukuliko, ako na picha ya harusi kwa profaili, ako na watoto wamevaa sare ya shule, ukimwandikia anakujibu "barikiwa sana dada". Swali lenye mi hujiuliza ni lingine. Pesa ikishatoka kwangu, na kabla sijashika hiyo kitu nikaridhika nayo, hiyo pesa iko kwa nani? Na kuna mtu yeyote katikati anaweza kuishika airudishe? Kama jibu ni iko kwake na katikati hakuna mtu, basi ujue hapo umekopesha mtu usiyemjua, na hakuna riba.

Sasa tuangalie hizi njia za kulipa na hilo swali.

M-Pesa. Ilikuja Machi 2007, na kazi yake ilikuwa mtu wa Nairobi atumie mamake kule Bondo ama Kitui bila kupatia dereva wa basi bahasha, na hiyo kazi inaifanya vizuri mpaka leo. Haikutengenezwa kuamua kesi ya friji. Ukituma, imeenda, ni kama umempa cash mkononi. Najua kuna mtu hapa anasema moyoni "lakini si kuna kureverse", na ndio, iko, unaforwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 ama unapiga simu customer care, na kama pesa bado imekaa kwa laini ya yule mtu inaweza kuzuiliwa wakiangalia. Lakini hiyo ni ya kukosea nambari, uliandika saba mahali pa moja, pesa ikaenda kwa mtu wa Garissa hamjuani. Kama ulimtumia ukijua ni yeye, na shida ni ati friji haigandishi, hiyo sio makosa ya kutuma, hiyo ni biashara imeharibika na ni maneno yenu nyinyi wawili. Na pia hawa watu wanajua saa, pesa haikai hapo, ikiingia tu inatolewa kwa ejenti ama inasukumwa kwa laini ingine na wewe bado unaandika "hello?" na kuona tiki moja.

PesaLink ni hivyo hivyo, pesa inatoka benki hii inaingia ile saa hiyo hiyo na imeenda. Cash nayo pia imeenda, tofauti ni cash haiachi alama yoyote, na M-Pesa inaacha jina, saa na ile code ya herufi na nambari, kwa hivyo hata ukikutana na mtu ana kwa ana mi huwaambia lipa na M-Pesa tu. Nitarudi kwa hizo alama baadaye.

Njia zenye ziko na mtu katikati ni zipi? Kuna kadi ya benki, Visa ama Mastercard, yenye unaweza kuenda kwa benki yako useme kitu haikufika ama ilifika sio yenyewe, na benki inaitisha pesa kutoka upande wa muuzaji. Visa kwa kawaida wanapeana siku 120 za kulalamika, lakini benki yako inaweza kukutaka mapema zaidi kwa hivyo usingoje. Kuna PayPal, hiyo unaweza kufungua malalamishi ndani ya siku 180 tangu ulipe. Lakini sikizeni hapa juu hapa ndio watu wengi wa Nairobi wanaachiwa mfuko mtupu. PayPal iko na njia mbili za kutuma, moja ni ya bidhaa na huduma, ingine ni ya marafiki na familia, na ile ya marafiki haina ulinzi hata kidogo. Muuzaji atakwambia "tuma kama rafiki ndio tusikatwe", na inakaa kitu ya busara, nani anapenda kukatwa. Hiyo pesa anataka usikatwe ndio ilikuwa inalipa yule mtu wa katikati. Mtu hamjuani anakuitaje rafiki saa ya kulipa peke yake? Na gari na pikipiki PayPal hawalindi, hata ukituma njia gani.

Na wale wananunua eBay kuna shimo lingine huko. Wengi wetu hatuleti kitu moja kwa moja Nairobi, tunatumia anwani ya wakala wa mizigo kule Uingereza ama Marekani halafu wakala ndio analeta. Sasa garantii ya eBay inahesabu mzigo umefika ukifika kwa ile anwani, na siku 30 za kulalamika zinaanza huko, na kitu ikishatumwa mbele kwa anwani ingine hawaishughulikii tena. Kama mzigo wako umepanda meli, hizo siku zitaishia baharini bado hujaona hata boksi. Kwa hivyo mwambie wakala afungue, awashe, apige picha kabla haijatoka huko, na akikutoza kitu kidogo mpe bila kunung'unika.

Lakini hebu tuseme ukweli, mama anatafuta meza ya kula ya elfu nane huko Donholm hana haja na PayPal. Anamtumia mtu M-Pesa. Na karibu yote tunanunua hapa mjini ni hivyo, Marketplace na Jiji na magrupu yanakuonyesha kitu na nambari ya simu, basi, ile pesa haipitii kwao, inatoka kwako inaenda kwa mtu. Sasa kama hakuna mtu katikati, ulinzi umebaki wapi? Umebaki kwa mpangilio. Nini inatangulia nini. Unaona kitu, unashika, unajaribu, ndio unalipa, na hiyo mpangilio mtu akijaribu kuigeuza hata kidogo ujue hapo ndio pesa yako inataka kutokea.

Na wataigeuza pole pole, hakuna mtu atakuitisha elfu ishirini mara moja. Atakwambia kuna watu watatu wanaitaka, weka kitu kidogo akushikilie. Hiyo deposit ya kushikilia mi siilipi na sishauri mtu alipe, kwa kitu used, kwa mtu hamjaonana, hapana. Kama ni elfu mbili ama mia tano, hesabu ni hiyo hiyo, ukitoa mia tano leo kesho utatoa elfu tatu juu unaogopa kupoteza ile mia tano. Mwingine atakwambia ako Mombasa, ameweka mzigo kwa basi, na anakutumia picha ya risiti ya parcel, na mnajua risiti ya parcel ni karatasi tu, hata mimi naweza andika jina lako hapo sasa hivi. Piga simu ofisi ya basi yenyewe, nambari utafute wewe mwenyewe usiitoe kwa ile risiti, uulize kama hiyo parcel iko. Halafu kuna ile ya "tuma nauli ya rider". Sisi watu wa Nairobi na mambo ya nauli (kicheko), nyinyi mnacheka lakini kuna watu kazi yao ni kula fare tu, hawana laptopu, hawana boda, wanakula mia tatu mia tatu kutoka kwa watu mia moja. Kama ni lazima ije na boda, wewe ndio ulipe boda akifika mlangoni, na ujaribu kitu rider akingoja, na kama muuzaji hataki kungojewa basi uende kwake.

Mkikutana, mkutane mahali pa watu na penye stima. Penye stima nasema juu laptopu bila kuchaji utajaribu aje? Mi hupenda mkahawa ama food court ya mall, unakaa, unaagiza chai, unaomba soketi. Sitaki kusikia mmekutana kwa kona ya Tom Mboya mnasimama watu wakipita, hapo ndio mtu anakuonyesha simu nzuri sana, unaijaribu, inapiga, halafu "ngoja nikuwekee kwa kava", na ukifika nyumbani unafungua kava unapata sabuni. Hiyo ya sabuni ni ya kitambo sana hapa town na bado inakula watu. Dawa yake, kitu ikishaingia mkononi mwako ukaijaribu haitoki tena mpaka ulipe, hata akitaka kuipanguza vumbi. Mwambie utapanguza mwenyewe.

Halafu jina. Ukituma M-Pesa jina la mwenye laini linatokea kabla pesa haijatoka, na watu wengi hapo wanabonyeza tu kama wanafukuzwa. Soma. Kama tangazo lilisema Mercy na jina ni la mwanaume na anakwambia ni la bwanake, labda ni la bwanake kweli, lakini wewe si uko na huyo Mercy hapo mbele yako, muulize kitambulisho. Kama ni duka, ulipe kwa till ya duka, ile nambari ya M-Pesa ya biashara, na jina likae lile la ubao wa nje. Mtu wa duka akikwambia till imekataa leo tuma kwa nambari ya huyu kijana, ngoja hiyo till ipone.

Sasa upande wangu, wauzaji, juu najua hapa kuna watu wanauza viatu na simu zao za zamani. Nyinyi mnaibiwa na meseji. Mnunuzi anakwambia nimetuma, simu inalia, unaona "imethibitishwa umepokea", jina liko, kiasi kiko, unampa kitu anaenda. Halafu baadaye unaangalia salio na hakuna kitu. Meseji ya M-Pesa inatoka kwa M-PESA, haitoki kwa nambari ya 07 kitu kitu, lakini usiku, mtu anaharakisha, boda inanguruma hapo nje, hauangalii hiyo. Kwa hivyo usisome meseji, soma salio, piga *334# ama ufungue app, sekunde chache tu. Ingine ni mtu anapiga simu ati ametuma zaidi kimakosa, alikuwa atume elfu tatu akatuma elfu kumi na tatu, umrudishie elfu kumi. Salio tena. Na hata kama imeingia kweli usimrudishie kwa nambari ingine mpya anakupatia, mwambie aiitishe kwa njia ya kawaida ya 456. Na kuna wale wanachukua laptopu yako wakifika roundabout wanaambia customer care walikosea nambari. Ndio maana wauzaji wengi wamehamia till ama Pochi la Biashara, ile ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, juu huko mtumaji hawezi kuivuta pesa peke yake bila wewe kuulizwa, na wewe kama mnunuzi ukiona muuzaji anataka ulipe kwa Pochi usidhani anakuficha kitu, pengine ameumwa.

Kuna hatari ingine yenye haina uhusiano na kulipa na ndio mbaya kuliko zote, ni kitu ya wizi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, kushika mali ya wizi ukijua ama ukiwa na sababu ya kujua ni ya wizi, kifungo ni mpaka miaka 14. Hiyo "sababu ya kujua" ndio inakutafuta wewe. Umenunua simu ya elfu sitini kwa elfu kumi na mbili, usiku, haina boksi, haina chaja, muuzaji hana jina, halafu polisi wanaifuata kwa IMEI, ile nambari ya kipekee ya kila simu, wanakupata uko nayo ndani ya matatu. Utawaambia ulinunua kwa nani? Hata ukiachiliwa, simu inarudi kwa mwenyewe na pesa yako imeenda, juu mtu hawezi kukuuzia kitu sio chake.

Kwa hivyo bonyeza *#06# uone IMEI, linganisha ile nambari na ya kwa boksi, kama ni iPhone ama Android mwambie atoe akaunti yake mbele yako, sio "nitakutumia password baadaye", hiyo baadaye haifiki. Na kuna hii mpya ya simu za lipa mdogo mdogo. Mtu amechukua simu kwa mkopo, amelipa wiki chache, anakuuzia bei ya kutupa, unaitumia vizuri kabisa halafu siku moja asubuhi skrini inakwambia lipa deni ndio nifunguke. Hata uifute yote inarudi imejifunga. Uliza risiti ya kumaliza deni, ama uangalie ukiiwasha kama kuna programu ya mkopo imekaa hapo. Na muandikiane, karatasi moja tu, jina, nambari ya kitambulisho, IMEI, bei, tarehe, sahihi za wote wawili. Mtu amekataa kuandika hiyo karatasi, mi huinuka na kumaliza chai yangu nikisimama.

Sasa umeshaibiwa, unafanya nini. Saa ile ile piga customer care na utume ile meseji 456 hata kama nimesema haisaidii sana, pengine huyo ni mwizi mvivu na pesa bado iko. Usifute chat kwa hasira, na usimtukane akakublock mapema. Piga skrinshoti ya tangazo, ya chat, ya profaili. Tangazo hasa, juu Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilingane na vile kilielezwa, na hiyo inashika hata mtu wa kawaida anauza kitu chake kimoja. Ile ya ubora nayo inashika zaidi mtu ambaye biashara yake ndio hiyo, na kama uliikagua mwenyewe ukaiona imepasuka huwezi kuja kulia ilipasuka. Nenda polisi upate nambari ya OB, yaani malalamishi yako yaandikwe kwa kitabu chao. Usitarajie kampuni ya simu ikupatie wewe anwani ya huyo mtu, hiyo data imelindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na itabidi polisi ama korti ndio waitishe.

Na kama mtu unamjua, uko na jina na nambari na pengine hata mtaa, kuna Korti ya Madai Madogo. Wengi hawaijui. Ilianza Milimani mwaka wa 2021, inashika kesi za mpaka shilingi milioni moja, hauhitaji wakili, na sheria inasema iamuliwe ndani ya siku 60. Hapo ndio zile alama za M-Pesa nilisema zinafanya kazi, ile meseji, ile karatasi mliandikiana, ile skrinshoti. Aliyelipa cash kwa kona anaenda korti na nini?

Kuna swali liliandikwa hapa kwa karatasi, la kijana wa huko nyuma, anauliza kuhusu magrupu yenye admin anashikilia pesa mpaka mnunuzi apate kitu. Swali zuri, na nakubali wazo lenyewe, hiyo ndio kazi ya mtu wa katikati tumekuwa tukiongea. Lakini rudi kwa lile swali, pesa iko kwa nani? Iko kwa admin. Admin ni nani? Kama ni mtu unajua duka lake, unaweza kuenda hapo kesho ukamkuta, sawa, kwa vitu vidogo. Kama ni picha ya simba na jina "Admin 2", hapana, na hata akiwa wa kweli kuna wale wanafungua akaunti na picha yake hiyo hiyo ya simba na kukuandikia wao kwanza. Admin wa kweli mtafute wewe ndani ya grupu, asikutafute yeye kwa inbox. Na website ya escrow, yaani ya kushikilia pesa katikati, umetumiwa linki na muuzaji, hiyo ni duka la muuzaji tu imepakwa rangi ingine, na ikikuitisha PIN ya M-Pesa funga. PIN unaandika kwa simu yako peke yako, hakuna mahali pengine.

Na mama ameuliza hapa kuhusu sofa, kama ni lazima aende mwenyewe ama picha inatosha. Mama, enda. Enda mchana, geuza mito, angalia mishono na chini kwenye mbao na tochi ya simu, juu kunguni hawatokei kwa picha, na hao wakishaingia kwako hakuna 456 yao.